Swali la Nne

Sikio lilikuwa jina la kazini la muuguzi wetu wa simu, na alilipata kwa haki. Kwa miaka sita nilikaa naye meza kwa meza katika chumba cha simu cha kliniki ya wasafiri, yeye akizungumza na mimi nikiandika, na mara nyingi nilimsikia akimwambia mtu aliyeko nchi nyingine, "Kaka, acha kutembea kwanza, tafuta pa kukaa," kabla mtu huyo hajasema kwamba anatembea.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira mpya ilipanda ngazi pamoja na wateja. Vyumba vya mbele vilikuwa vya chanjo. Anayekwenda ng'ambo kwa kazi, kwa masomo au kumtembelea ndugu, alichomwa sindano zake, akapewa kadi ya chanjo, na nyuma ya kadi tulibandika kipande cha karatasi chenye namba yetu ya simu. Akiugua ugenini, na lugha ya huko haijui, au daktari wa huko haelewani naye, au anaogopa tu, apige. Huku yupo muuguzi atakayemsikiliza kwa lugha yake, amwambie kama jambo lake linangoja au halingoji, na akifika hospitali aanze kwa kusema nini. Dawa kali hatukuandika. Kazi yetu ilikuwa kumwonyesha mtu mlango.

Chumba cha simu kilikuwa nyuma kabisa. Kilikuwa na meza mbili, dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na saa nne zilizotundikwa kwa mstari. Chini ya kila saa kulikuwa na plasta ya vidonda iliyoandikwa kwa kalamu nzito: HAPA, MASHARIKI, KASKAZINI, MBALI. Saa ya MBALI ilikuwa imesimama tangu nianze kazi, na mtu wa huko akipiga tulihesabu kwa vidole. Mbele ya Sikio kulikuwa na kadi ya maswali kumi na moja. Mbele yangu kulikuwa na daftari kubwa lenye safu kumi na moja, kila swali na safu yake. Mashine ya kunasa sauti tuliahidiwa mwaka wa kwanza, tukaahidiwa tena kila mwaka.

Hedifoni ilikuwa moja, nayo ilikuwa yake. Mimi nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu: jibu likiwa ndiyo aliinua kidole, likiwa hapana alifumba ngumi, nami nikatia alama. Yaliyobaki aliyarudia kwa sauti kama anayemhakikishia mgonjwa. "Siku ya pili, sawa. Tumbo upande wa kulia, sawa." Nami nikaandika. Ilikuwa kazi ya watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, hatukugongana.

Kusikia pumzi hakujifunza chuoni. Mama yake alikuwa na pumu, na wawili hao walilala kitanda kimoja mpaka binti alipomaliza shule ya msingi. Aliniambia kwamba hata kabla ya kufumbua macho alijua kama mama atatulia mwenyewe au ni yeye atakayeinuka kutafuta dawa. Baadaye aliajiriwa katika wodi ya watoto ambayo vipimo vyake vilikuwa vibovu nusu ya mwaka, na sikio likazidi kunolewa. Kwenye simu alikuwa akisikiliza mtu anakata sentensi wapi. "Mzima hupumua penye nukta," alisema. "Mgonjwa hupumua popote." Mratibu wetu, ambaye alipenda utani wa kupita mlangoni bila kuingia, alikuwa akisema, "Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili letu linasikia mpaka kidonge kikiyeyuka."

Sasa lazima nieleze habari ya akina Mwenzangu, maana bila hao haya mengine hayaeleweki.

Watu wengi waliotupigia walikuwa wafanyakazi wa mkataba: mafundi, madereva, wasaidizi wa majumbani. Mtu wa mkataba haumwi. Akiumwa, msimamizi anaandika; akiandikwa mara ya pili, anapakiwa kwenye ndege, na nyumbani kuna watu waliomsindikiza wakiwa na matumaini mengi. Tena hawalali peke yao. Chumba kimoja kina watu wanane, na kati ya wanane hakosekani mmoja mwenye mdomo mwepesi. Kwa hiyo aliyeumwa hakusema anaumwa. Alisema, "Dada, nina mwenzangu hapa ana kikohozi." Wanaume walisema hivyo, wanawake walisema hivyo. Mmoja aliuliza habari ya vipele vya mwenzake vilivyoota mahali pasipotajika, na Sikio alipomuuliza vina rangi gani, akajibu, "Subiri nimwangalie," kisha Sikio akasikia zipu.

Sikio hakumvua mtu shuka lake. Alijibu vilevile: "Mwambie mwenzako asijikune. Mwambie aoge maji yasiyo ya moto." Aliniambia kwamba ukimwambia mtu najua ni wewe, anakata simu, na akikata simu umempoteza. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Swali la nne kwenye kadi lilikuwa hili: Je, mgonjwa anajibu akiitwa? Mzazi akipiga kwa ajili ya mtoto liliulizwa, bila kukosa. Lakini kumuuliza mtu anayezungumza nawe kama anajibu akiitwa ni kumfanya mjinga. Mpigaji aliyesema ni yeye mwenyewe anayeumwa tulimruka hapo. Na akina Mwenzangu tuliwaruka pia, maana tulijua. Katika safu hiyo Sikio hakuniinulia kidole wala ngumi. Nilitia alama ya ndiyo mwenyewe, mara nyingi kabla hajamaliza kusalimiana. Ukilifungua daftari la wakati ule, safu ya nne imenyooka kama mshono wa cherehani.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri kwa saa ya HAPA. Mpigaji alikuwa fundi vigae, akipigia kutoka kambi ya wajenzi nje ya mji mkubwa, ambako tayari ilikuwa jioni. Alisema mwenzake, fundi rangi, ana homa.

"Umri wake? Thelathini na mmoja, sawa," alisema Sikio. "Mmefika lini? Siku kumi na mbili zilizopita, sawa. Homa siku ya tatu, sawa."

Aliinua kidole kwenye swali la tatu, la kutapika. Safu ya nne nilikuwa nimeshaitia alama. Swali la tano ni la kupumua kwa shida. Hilo hakuliuliza kwa mdomo, aliliachia sikio. Aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza, akafumba ngumi. Kisha akawa anaulizwa yeye, na nikaona anasita. Baadaye nilijua kilichoulizwa. Gari la kampuni lilikuwa likienda mjini saa kumi na mbili asubuhi. Kuita gari la wagonjwa jioni ile ilikuwa ni kumwita msimamizi, na fundi rangi hakuwa amemaliza hata wiki mbili. Je, wanaweza kungoja asubuhi?

Kadi yetu ilikuwa wazi. Homa ndani ya mwezi wa kwanza kwa aliyetoka nchi yenye malaria: kipimo cha damu ndani ya saa ishirini na nne. Asiyejibu akiitwa: gari la wagonjwa saa hiyo hiyo.

"Sawa, ngojeni gari la asubuhi," alisema. "Lakini iwe asubuhi, isiwe mchana. Na mkifika, kabla hamjaulizwa hata jina, semeni: tumetoka kwenye malaria, pimeni damu. Huko hawana ugonjwa huo, hawataufikiria. Hebu nirudishie hayo maneno."

Akarudishiwa. Akavua hedifoni, akajinyoosha mgongo.

"Huyu atapona," aliniambia. "Amepanda ngazi ghorofa tatu huku anaongea, wala hakuhema. Ana mapafu ya mpiga tarumbeta."

Niliandika ushauri, tukatia sahihi, simu nyingine ikalia.

Zilipita siku kumi na tisa. Siku ya ishirini mratibu aliingia chumbani kwetu, safari hii hakusimama mlangoni. Alivuta kiti na kukaa, akaniomba nifungue daftari kwenye Alhamisi ile. Ndipo tulipojua. Fundi rangi alifariki ndani ya gari la kampuni, asubuhi, nusu ya njia. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Maiti imerudishwa, amezikwa, na fundi vigae ndiye aliyekuja na jeneza.

Mratibu alieleza polepole, kama anayetembea juu ya vigae vibichi. Wale wawili walikuwa watoto wa mtaa mmoja. Fundi vigae alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na mama wa fundi rangi ndiye aliyemlisha na kumfulia pamoja na mwanawe. Walipoondoka, mama huyo alimwambia mkubwa amwangalie mdogo. Mkubwa ndiye fundi vigae. Sasa ndugu wa marehemu wanasema alimwacha mwenzake afie chumbani kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Yeye amejitetea kwamba alipiga simu kliniki, akaambiwa wangoje asubuhi. Hawakumwamini. Mama amesema anataka kuja na huyo kijana mbele ya hilo daftari, lisomwe akisikia.

Mratibu alishuka kwa kidole, swali kwa swali. Kwenye safu ya nne kidole kikasimama, akashusha pumzi.

"Hapa tuko salama," alisema. "Tuliuliza kama anajibu, mpigaji akasema ndiyo. Kama alikuwa hajitambui, basi huyo kijana alitudanganya. Sisi tungefanya nini?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafanyakazi kumi na wanne chini ya paa lile. Alituambia watakuja Jumatatu saa nne, akaenda zake, na chumba kikabaki na mlio wa zile saa tatu zinazotembea.

Sikio alikuwa anaitazama ile alama.

"Karani," alisema, "hiyo tiki uliiweka saa ngapi?"

"Ulipokuwa unasalimia."

"Mimi sikuinua kidole."

"Hukuinua."

Alirudi kwenye hedifoni, na tulifanya kazi mpaka saa kumi na moja. Lakini tangu simu iliyofuata aliuliza maswali yote kumi na moja kwa kila mtu, akiinua kidole juu sana, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Jumatatu walifika kabla ya saa nne. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, na alikuwa amechoka kwa ngazi. Begani alibeba mkoba mkubwa wa nguo ulioonekana mzito. Fundi vigae, kijana mrefu mwenye nyufa za saruji kwenye vidole, alinyoosha mkono ampokee. Mama akauhamishia mkoba bega la pili bila kumtazama. Nilikuwa nimesimama pale mapokezi na nililiona hilo vizuri. Kijana akarudisha mkono mfukoni.

Tulikaa katika chumba cha mratibu, watu watano. Mratibu alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasoma. Alisoma tarehe na saa, umri, siku za homa, kutapika. Fundi vigae alitikisa kichwa kukubali kila kipengele.

"Swali la nne," akasoma mratibu. "Je, mgonjwa anajibu akiitwa? Ndiyo."

Kijana aliinua uso. "Hilo sikuulizwa."

Mratibu alimwambia kwa upole kwamba daftari huandikwa saa ile ile mtu anapozungumza, haliandikwi kesho yake.

"Sikuulizwa, mzee. Ningeulizwa ningesema. Alikuwa hanijibu mimi. Alikuwa ananiita baba, ananiambia nifunge mlango ng'ombe wasiingie. Nilidhani ni ndoto za homa."

Mama alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Hawa wana karatasi," alisema. "Wewe una nini?"

Kijana alitazama mikono yake. Nilifikiri kwamba nikinyamaza kidogo tu, dakika mbili, mkutano utakwisha, watashuka ngazi, na kijana huyo ataishi mtaani kwao maisha yake yote akiwa ndiye aliyeulizwa kama ndugu yake anajibu, akasema ndiyo. Nilifikiri hivyo na sikufungua mdomo. Aliyefungua mdomo ni Sikio.

"Mama, hakuulizwa," alisema.

Mratibu alimwita kwa cheo chake, Muuguzi, kwa sauti ya kumtahadharisha. Hakugeuka.

"Mimi ndiye niliyezungumza naye. Swali hilo sikumuuliza. Alama imetiwa kwa mazoea. Nilidhani anayeumwa ni yeye mwenyewe."

"Kwa nini udhani hivyo?" aliuliza mama. "Hakukwambia ni mwenzake?"

"Aliniambia. Wote husema ni mwenzao, mama. Wanaogopa kurudishwa, wanaona haya. Nimeshazoea kwamba hakuna mwenzake."

Mama aliushusha mkoba sakafuni. Chini, kwenye duka la matairi, mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye chuma.

"Na mwanangu asiwe na mwenzake wa kweli?" alisema.

Sikio alieleza yaliyobaki, maana alikuwa ameyabeba siku tano. Alisema alimsikiliza kijana akipanda ngazi, na pumzi yake ilikuwa pumzi ya mtu asiye na ugonjwa wowote. "Sikio langu halikunidanganya. Lilisikia mtu mzima. Mimi ndiye niliyesema, kumbe homa yenyewe ni ndogo. Sikusema, kumbe mgonjwa ni mwingine."

"Ungeuliza, angepona?"

"Sijui, mama. Ningesema liitwe gari la wagonjwa saa ile ile. Angepata saa kumi na mbili zaidi, au zaidi ya hapo."

"Saa kumi na mbili," alisema mama. "Nilimzaa kwa saa chache kuliko hizo."

Kisha aliuliza ni nani aliyeandika. Nikasema ni mimi.

"Wewe ulisikia?"

"Sikusikia, mama. Niliandika tu."

Alinitazama kama mtu anayetazama kiti kabla ya kuamua kutokikalia. Alimgeukia Sikio tena, akamwambia kwamba kwa leo hawezi kumsamehe, asimngojee amsamehe, na asije nyumbani kwao wala kaburini. Hayo aliyasema bila hasira, kama anayempa mtu maelekezo ya njia. Sikio alijibu, "Nimesikia, mama."

Mama alisimama. Aliuchukua ule mkoba kutoka sakafuni, akaunyoosha mkono pembeni mwake, bila kugeuza shingo. Kijana alichelewa kidogo kuelewa. Kisha akaupokea, na wakaanza kushuka ngazi, yeye ngazi moja nyuma.

Walipoondoka mratibu alifunga mlango. Alimuuliza Sikio kama anajua alichofanya, naye akasema anajua. Alinigeukia mimi, akaniambia daftari libaki kama lilivyo. Lakini daftari lina sheria yake, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuitunza: kosa halifutwi, hupigwa mstari mmoja ili kilicho chini kiendelee kusomeka. Alasiri ile nilipiga mstari mmoja juu ya ile alama, nikaandika pembeni, "Hakuulizwa," nikatia sahihi na tarehe. Nilipata barua ya onyo, ambayo ilikuwa haki yangu.

Baada ya hapo niliyarudia madaftari yote ya nyuma. Ilinichukua wiki tatu, wakati wa mapumziko ya mchana. Waliopiga kwa ajili ya mwenzao katika miaka sita walikuwa elfu tano mia nne na kumi na wawili. Wote wana alama ya ndiyo. Wangapi walikuwa na mwenzao kweli, daftari haliwezi kusema, na hakuna wa kumuuliza. Nilimpa Sikio hesabu hiyo kwa sababu aliniomba. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa koti jeupe.

Aliondolewa kwenye simu. Hakufukuzwa, alipelekwa chumba cha kwanza, cha sindano. Kwenye kiti chake aliwekwa muuguzi kijana, mwenye bidii, anayesoma maswali yote kumi na moja kama anayeita mahudhurio darasani. Kuna agizo jipya pia, juu kabisa ya kadi: Mpe simu mgonjwa azungumze mwenyewe. Ni agizo zuri, na lilitungwa na Sikio. Tangu lianze, akina Mwenzangu husikia hilo, kisha simu hukatika. Zamani tulipata simu thelathini kwa wiki. Sasa ni kumi na moja, kumi na mbili. Safu zangu ni safi na za kweli, na nyingi ni tupu.

Jina la Sikio liliisha lenyewe. Hakuna aliyetoa agizo; mratibu aliacha utani, na sisi wengine tukafuata. Nilikuwa nikipita kwenye chumba cha sindano na kumwona akishika mikono ya vijana wanaosafiri, akiwapaka pamba ya spiriti. Kila mmoja alimuuliza swali moja: "Unasafiri na nani?" Akishatajiwa alimwambia, "Akiumwa yeye, sema ni yeye. Ukiumwa wewe, sema ni wewe. Umenielewa?" Wakacheka, wakasema, "Tumeelewa, sista." Aliwatazama wakishuka ngazi mpaka mwisho, na nilijua kwamba hakumwamini hata mmoja.

Mwezi uliopita aliomba likizo, na Jumamosi mchana nilimpelekea fomu zake nyumbani azitie sahihi. Anakaa na mama yake, vyumba viwili, nyumba safi. Mama alikuwa amelala nyuma ya pazia, na kwa kuwa kulikuwa kimya hata mimi nilisikia pumzi zake: ndefu, zilizo sawa, za mtu anayelala vizuri baada ya kula. Tulikuwa tunazungumza habari za tarehe za kurudi kazini. Katikati ya sentensi alinyamaza, akageuza kichwa kwenye pazia.

"Mama," aliita.

Pumzi ziliendelea vilevile.

"Mama."

"Nini tena?" sauti ikatoka nyuma ya pazia, nzito kwa usingizi.

"Basi. Lala."

"Nilikuwa nimelala," alisema mama. "Karani, uko hapo? Mwambie mwenzako aache kuniamsha kuniuliza kama nimelala. Leo hii ni mara ya tatu."

Binti yake alichukua kalamu, akatia sahihi mahali nilipomwonyesha, na akaniuliza tena ile tarehe. Nilikuwa bado naikunja fomu alipogeuza kichwa kwenye pazia mara ya nne.